Mikono Iliyoacha Kusikia

Habumugisha alijua kwamba mikono yake inamwacha siku alipoepua sufuria ya maharage bila kitambaa, akatoka nayo jikoni, akavuka ua, akaitua kwenye mkeka, na alipoinua uso akamwona mkewe Nikuze amesimama mlangoni, kitambaa cha kuepulia kikiwa bado mkononi mwake.

"Baba Hirwa, hiyo imetoka motoni sasa hivi."

"Najua."

"Unajua. Lakini umesikia?"

Alitazama viganja vyake. Ngozi ilikuwa imeanza kuwiva kwenye ncha za vidole, nyekundu na yenye kung'aa, kama mikono ya mtu mwingine iliyoazimwa kwa ajili ya kubebea sufuria. Nikuze alileta maji ya baridi, akaisukumiza mikono ile ndani ya beseni, akakaa naye mpaka maharage yakapoa.

Kiswahili ni lugha ya ajabu katika jambo hili. Mtu husikia wimbo kwa sikio, husikia harufu kwa pua, na husikia joto, baridi na uchungu kwa ngozi, yote kwa kitenzi kimoja, kana kwamba mwili mzima ni sikio. Habumugisha aliishi kwa kitenzi hicho. Karakana yake ilikuwa banda la mabati pale njia panda ya Chonyonyo, Karagwe, kati ya shamba la migomba na duka la vipuri la Rogasian, na watu walitoka Kiruruma, Nyakasimbi, hata ng'ambo huko Kyerwa, wakipita mafundi wengine njiani, kwa sababu moja tu. Wengine walijua kufungua injini. Habumugisha alijua kuisikia.

Pikipiki ikiletwa na ugonjwa wa kutetemeka, hakuanza na spana. Aliiwasha, akaiacha ingurume, kisha akaweka viganja juu yake polepole: kwenye usukani, kwenye tangi, kwenye kiti, kwenye vyuma vya kukanyagia, mwishoni karibu na injini yenyewe, kama mkunga anavyopapasa tumbo la mzazi. Alifumba macho. Rogasian, Mhaya wa Muleba asiyeweza kukaa saa nzima bila kumtania mtu, alipenda kuwaambia wateja wasogee. "Mwacheni daktari. Mgonjwa anaungama."

Ufundi huo alikuwa nao kwa maneno mawili ya mama yake. Wazazi wake walikuja Kyerwa kutoka Rwanda wakiwa vibarua wa mashamba, na ndani ya nyumba walisema Kinyarwanda. Kwa mama yake, hali ya mtu mwenye homa ilikuwa *gutitira*, kutetemeka kunakotoka ndani, damuni. Ya jino la mtoto linalotaka kung'oka ilikuwa *kunyeganyega*. Hilo halina homa, limelegea tu mahali lilipokaa. Habumugisha aliona kwamba pikipiki zina magonjwa hayo hayo mawili. Kuna inayotetemeka kwa homa: mafuta hayaji sawasawa, plagi imechoka, beringi ya kranki, mhimili wa ndani ya injini, imekwisha. Na kuna inayotetemeka kwa sababu kitu kizima kabisa hakikukazwa mahali pake. Wenye pikipiki wote, wawe Wanyambo, Wahaya au Warundi, walifika na neno moja la Kiswahili: "Inatetemeka, fundi." Viganja vyake ndivyo vilivyotafsiri.

Kabla ya ufundi alikuwa dereva wa bodaboda. Alibeba abiria na mikungu ya ndizi kati ya Nkwenda na Murongo kwa miaka mingi, juu ya pikipiki mbovu za watu wengine, kwenye barabara zenye makorongo. Asubuhi za wakati ule vidole vilikuwa vinaingia ganzi, vinakuwa vyeupe, halafu jua likipanda vinarudi. Alivipulizia pumzi, akaendelea. Ni ganzi tu, alijiambia. Sasa alikuwa na miaka hamsini na kitu, na ganzi ilikuwa imekuja kukaa, haiendi tena na jua.

Siku za baada ya ile sufuria alifanya kazi kwa hila. Alisikiliza sauti zaidi. Aliuliza maswali zaidi, akiyafanya yaonekane ni mazungumzo. Mara mbili aliangusha nati, akasingizia grisi. Ikijulikana Chonyonyo kwamba Habumugisha hasikii, alimwambia Nikuze siku moja wakipalilia, nani ataipita karakana ya mwingine kumfuata yeye? Kwa lipi?

"Kwa akili yako," Nikuze alisema.

"Akili yangu ilikuwa vidoleni."

Elipidius alikuja wakati huo, kiangazi, kahawa ikiwa imetandazwa kwenye mikeka kila ua na barabara zote zimekuwa vumbi jekundu. Alikuwa kijana, baba wa watoto wadogo, dereva wa bodaboda anayebeba magunia ya kahawa na wagonjwa wa kwenda zahanati kwa zamu. Pikipiki yake ilikuwa nzuri kwa sura, na mbele ilikuwa na bampa kubwa la chuma la kukinga miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Inatetemeka. Nikipandisha mwendo, ninaangalia kioo cha pembeni, kila anayekuja nyuma yangu anakuwa wawili. Juzi nimeogopa malori mawili, kumbe ni moja."

"Ungepisha yote mawili," Rogasian akasema kutoka dukani kwake. "Heri kuheshimu hata la uongo."

Habumugisha aliiwasha. Akaweka viganja kwenye usukani, kwenye tangi, akafumba macho kama siku zote. Ndani ya giza lile hapakuwa na kitu. Alijua tu kwamba mikono iko juu ya chuma kwa sababu alikuwa ameiweka yeye mwenyewe. Aliacha muda wa kawaida upite, muda ambao watu walizoea kumsubiri, kisha akafumbua macho na kusema, "Ni homa."

Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akalegeza cheni iliyokuwa imevutwa mno. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa mbele ya injini. Akalipangusa kwa tambara. Elipidius akaondoka ameridhika. Baada ya siku chache akarudi.

"Fundi, malori yamerudi kuwa mawili."

Safari hiyo aliangalia beringi za magurudumu na spoku, akazikaza. Akapangusa vumbi tena. Haikusaidia kitu. Elipidius aliporudi mara ya tatu, na wenye pikipiki wengine wawili wakiwa wameketi pale wanasubiri zamu yao, Habumugisha aliona macho yao, akasema neno ambalo fundi mwenye shaka husema anapotaka kuonekana hana shaka.

"Kranki. Tutafungua injini."

Elipidius aliitazama pikipiki yake. Kufungua injini ni pikipiki kulala bandani siku nyingi, tena wakati huu ambapo kahawa yote ya Karagwe inataka kubebwa. Wala injini ikishafunguliwa hairudi kuwa ile ya kiwandani.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ilete Jumatatu. Nitaiosha, nifungue."

Usiku wa Jumapili Habumugisha alikula kidogo. Nikuze alimuuliza mara moja tu. "Una hakika ni kranki?" Naye akasema wakati mwingine hakika huja baada ya kufungua. Nikuze akatazama viganja vyake, makovu ya ile sufuria yakiwa yamekauka, akaondoa sahani.

Jumatatu pikipiki ilikuja mapema. Aliiosha kwa ndoo tatu za maji, akaisugua mpaka chuma kikaonekana. Elipidius hakwenda, alikaa kwenye benchi akimtazama mnyama wake kama mtu aliyempeleka ndugu yake kupasuliwa. Rogasian alikuwa amevuka barabara kuleta gesiketi za kuzibia injini, naye pia akakaa, kwa kuwa upasuaji ni jambo la kutazamwa. Nikuze akatoka nyumbani na kijikapu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo Wahaya huiita akamwani na kumpa mgeni kabla hata ya kumuuliza habari. Alifundishwa na jirani yake, Placida, na sasa watu walisema yake inapita ya Placida, jambo ambalo Placida hakulipenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kinga mikono."

Elipidius alikinga viganja vyote viwili pamoja, kwa adabu. Nikuze akamimina. Kahawa ikapita kati ya vidole kama maji, ikatawanyika chini. Elipidius alibaki amekinga mikono, akitazama chini, hajui kwamba vidole vyake vimeachana.

"Samahani, mama. Asubuhi huwa vinakuwa hivi."

Habumugisha aliacha spana. "Vinakuwaje?"

"Vidole. Ni ganzi tu, fundi. Jua likipanda linaondoka nayo."

"Nionyeshe."

Alivishika vidole vya Elipidius. Ncha zilikuwa nyeupe, kama za mtu aliyefua nguo kutwa. Hakusikia kama ni vya baridi au vya moto, lakini macho yalitosha. Alikuwa ameviona vidole vile, vikiwa vyake, kwenye usukani, kwenye barabara ya Murongo.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Jana nilipokuwa naenda kanisani sikuweza kumfunga mtoto vifungo vya shati. Mke wangu akanicheka." Naye akajaribu kucheka kidogo. "Ndiyo kazi yetu. Pikipiki ni kutetemeka, ikinyamaza imezimika."

Rogasian alikuwa na mzaha tayari mdomoni. Akamwona Habumugisha, akaumeza.

Kulikuwa na njia rahisi: kunyamaza, kufungua injini, kupata jambo la kulaumu humo ndani, maana injini iliyotembea haikosi jambo. Elipidius angelipokea. Angerudi barabarani na vidole vyake, akivipulizia pumzi, mpaka siku atakapoepua sufuria.

"Vyangu vilianza hivyo hivyo," Habumugisha alisema. "Jua likawa linaondoka nayo. Halafu likaacha." Aliinua viganja vyake, makovu yakaonekana. "Sisikii kitu, Elipidius. Tangu kiangazi kianze. Nilipokwambia ni homa, sikusikia homa. Nilibahatisha. Hata hii kranki nimebahatisha."

Kuku aliyekuwa akidonoa kahawa iliyomwagika akasogea karibu zaidi, akafukuzwa na mguu wa Rogasian.

"Sasa unaniambia," Elipidius alisema, polepole, "baada ya kunirudisha mara tatu."

"Sasa nakwambia."

"Na nimekaa Jumapili nzima naiaga injini yangu."

"Nisamehe."

Elipidius aligeuka upande wa barabara. Kule kilimani, njia ya Kiruruma, kulikuwa na fundi mwingine, na pikipiki ilikuwa imesimama hapa, safi, haijafunguliwa, ufunguo ukiwa bado umening'inia. Alikwenda akaiwasha. Habumugisha hakumzuia.

Lakini Nikuze alikuwa amechutama akiokota kahawa yake punje kwa punje, na kwa kuwa kijikapu alikuwa amekiacha kwenye benchi, alizimimina zile alizookota juu ya kiti cha pikipiki, kama mtu anavyoweka kitu popote penye ubapa. Injini ikanguruma. Punje zikaanza kucheza. Ziliruka kidogo, zikajipanga, kisha zote, kama watu walioitwa, zikaelekea mbele, zikaporomoka kwenye mfereji kati ya kiti na tangi.

"Angalia hizi," Nikuze alisema. "Zina haraka ya kwenda wapi?"

Elipidius alikuwa amesimama kando, ameshika usukani tayari kuondoka. Akatazama. Habumugisha naye akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze alisogea kwenye pikipiki bila kujifanya.

"Usizime. Mama Hirwa, nipe zaidi."

Aliweka punje nyuma, kwenye chuma cha kubebea mizigo: zikatulia, zikitikisika papo hapo kama walevi waungwana. Akaweka mbili kwenye chuma cha kukanyagia: zikaruka, zikaanguka. Akaweka moja kwenye ubapa wa lile bampa la mbele, karibu kabisa na mahali linapoungana na injini. Haikutulia hata kidogo. Ilirushwa hewani kama mtama kwenye ungo, ikampiga Rogasian kifuani.

"Nimepigwa," Rogasian alisema. "Ninyi ni mashahidi."

"Weka mkono wako pale, Rogasian. Kidole kimoja juu ya injini, kingine juu ya fremu."

"Mimi? Mimi nauza vipuri. Vidole vyangu vinajua noti tu."

Nikuze alimsukuma kando. Akapangusa mikono kwenye kanga, akachutama, akaweka kidole gumba upande mmoja wa maungio na cha shahada upande wa pili. Alikaa hivyo, kichwa ameinamisha, na bila kujua alikuwa amefumba macho. Miaka yote aliyomwona mumewe akifanya hivyo alidhani ni maringo kidogo.

"Hiki kinakwenda huku," alisema. "Na hiki kinakwenda kule. Havifuatani." Kisha Kinyarwanda cha nyumbani kikamtoka chenyewe: "*Ntititira. Iranyeganyega.*"

Habumugisha alirudia kwa ajili ya wengine. "Haina homa. Ni jino linacheza."

"Na uliniambia umeiosha," Nikuze akaongeza. Alikuwa ameondoa mkono, anautazama. Vidole viwili vilikuwa vyekundu.

"Nimeiosha. Ndoo tatu."

"Basi huu udongo umetoka wapi?"

Elipidius alizima injini. Wote wanne wakainama. Kuzunguka kichwa cha bolti ya mbele, ile inayoshika injini kwenye fremu, kulikuwa na unga mwekundu, laini, mpya, ukitoka kwenye ukingo kama damu kwenye ufizi. Habumugisha aliupangusa. Akaomba injini iwashwe, iongezwe mwendo, izimwe. Unga ulikuwa umerudi.

Haukuwa udongo. Ilikuwa kutu. Chuma kilikuwa kinasaga chuma humo ndani, na unga wake ulikuwa unatoka nje kidogo kidogo. Mahali pengine duniani, penye mchanga mweupe au barabara nyeusi, mtoto angeuona na kuuliza. Karagwe, ambako Julai hata mbwa na shuka za kitandani ni nyekundu, mtu huupangusa na kuendelea. Yeye alikuwa ameupangusa mara mbili kwa tambara lake mwenyewe, na mara ya tatu kwa ndoo za maji.

Bolti ilitoka bila kudai nguvu, na hilo peke yake lilikuwa jibu. Katikati ilikuwa imelika, imekuwa na kiuno kama nyigu. Elipidius akaeleza kwamba bampa lile alifungiwa mwaka uliopita. Ile bolti ya kiwandani ilikuwa fupi, haikuweza kupita bampa na fremu kwa pamoja, ndipo fundi akaweka nyingine, ndefu.

"Ndefu na nyembamba," Habumugisha alisema. Aliiingiza tena kwenye tundu, akaichezesha. Ilitembea kama kijiko kwenye kikombe. "Msimu uliopita. Ndipo vidole vilipoanza."

Elipidius aliitazama ile bolti muda mrefu. "Mimi niliweka bampa nilinde miguu," alisema.

Waliifanya kazi hiyo wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea bandani pale. Tundu lilikuwa limekuwa yai, kwa hiyo walikwenda kwa mchomeleaji likajazwa chuma na kutobolewa upya. Rogasian alipekua maboksi yake akatoa bolti ya unene ule ule wa kiwandani, lakini ndefu, na washa za kubana, akalalamika kwamba tangu azaliwe hajaona kazi ndogo namna hiyo ikitazamwa na watu wengi namna hiyo. Habumugisha aliweka gogo chini ya injini ili uzito wake usiivute bolti. Kisha akalegeza bolti zote zinazoishika, hata zile nzima, akaitikisa injini ijikalie yenyewe mahali inapotaka. "Ukikaza moja huku nyingine zimeshabana, unaipinda," alimwambia Elipidius. "Injini haikalishwi kwa nguvu. Ikishakaa, ndipo unakaza." Alikaza kidogo hapa, kidogo pale, akizunguka, na kila alipomaliza mzunguko Nikuze aliweka vidole viwili na kusema bado, bado, kisha akasema sasa.

Waliweka punje za kahawa kwenye bampa. Zilitetemeka, pikipiki haikosi kutetemeka. Lakini zilibaki pale pale.

Elipidius alikwenda nayo mpaka njia ya Nyakasimbi na kurudi. Alipofika hakushuka. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni.

"Lori ni moja," alisema.

Kisha akavua kofia ngumu, akasema ana jambo jingine, na kabla hajalisema Habumugisha akamtangulia. Aende hospitali akaonyeshe vidole, asisubiri mavuno yaishe. Asubuhi avae glavu. Akisikia ganzi asimame, hata kama abiria analalamika. Elipidius aliitikia kila jambo kwa "ndiyo, mzee." Tangu asubuhi ile hakumwita tena fundi, alimwita mzee.

Habari ilienea, kama ilivyokuwa lazima ienee, maana Rogasian alikuwepo. Baadhi ya wateja walihamia kwa yule wa njia ya Kiruruma, na wengine wao hawakurudi. Waliobaki walizoea utaratibu mpya. Mtu akifika na kusema inatetemeka, Habumugisha humwambia kwanza akinge mikono, Nikuze amimine kahawa, aone kama inapita. Baada ya mikono ndipo inakuja zamu ya pikipiki. Punje huwekwa kiti, tangi, bampa; Nikuze huchutama, hufumba macho; Habumugisha husimama juu yake akiuliza, inakwenda wapi, inafuatana na nini, na kutokana na anachoambiwa hujua spana ya kushika. Rogasian sasa huwaambia wateja, "Sogeeni. Daktari ni yule aliyechutama. Huyu aliyesimama ni mkalimani."

Vidole vya Elipidius vinapata nafuu, si vyote. Vya Habumugisha havikupata. Daktari wa hospitali alimwambia ukweli kwa upole, na yeye akashukuru.

Jioni Nikuze huleta uji. Siku moja aliuleta ukiwa umetoka motoni, akakizungushia kikombe kitambaa kabla ya kumpa, na akasubiri.

"Umesikia?"

"Sijasikia," Habumugisha alisema. Alitazama mvuke ukipanda, akakiweka kikombe kwenye benchi, akangoja uishe.